Kengele, Fimbo na Neno: Tathmini ya Mafundisho ya B. F. Skinner kwa Ajili ya Darasa la Kipaimara

1. Utangulizi

Mwaka 1971 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha kitabu kiitwacho Beyond Freedom and Dignity, yaani "Kupita Uhuru na Hadhi". Dai lake kuu ni kwamba mwanadamu hana utashi ulio huru wala nafsi ya ndani inayoamua matendo yake. Matendo yote ni matunda ya urithi wa mwili na ya mazingira yaliyomzoeza. Msomaji Mkristo akikifungua kitabu hicho huelekea kukifunga upesi. Huona kwamba dhambi imefutwa, toba imefutwa, na mwanadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu amewekwa katika kizimba kimoja na panya na njiwa.

Kukifunga upesi hivyo ni kosa, na kwa Mlutheri ni kosa mara mbili. Kwanza, Luther mwenyewe alipomjibu Erasmus mwaka 1525 alikana uhuru wa utashi mbele za Mungu kwa ukali usiopungua ule wa Skinner. Hatuwezi kumpinga Skinner kwa kutetea uhuru ambao maungamo yetu wenyewe hayatupi. Pili, mbinu za kumzoeza mwanadamu alizozieleza Skinner ndizo tunazozitumia katika darasa la kipaimara, tena mara nyingi kwa namna ambayo yeye mwenyewe aliipinga maisha yake yote. Lengo la makala hii ni kupima ni nini katika mafundisho hayo kilicho kweli, wapi yamepungukiwa, na yanatuhukumuje sisi tuliokabidhiwa watoto wa Kanisa.

2. Chimbuko la Mafundisho Haya

Ivan Pavlov (1849–1936) alikuwa mwana wa kasisi wa Kiorthodoksi katika mji wa Ryazan nchini Urusi. Alisoma seminari, akaiacha mwaka 1870 ili asome sayansi, na mwaka 1904 akapewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake juu ya umeng'enyaji wa chakula. Katika kazi hiyo aliona kwamba mbwa hutokwa na mate hata kabla chakula hakijafika kinywani, mara waionapo ishara yake. Mlio usio na maana yoyote kwa mbwa ukitangulia chakula mara nyingi, mwishowe mlio peke yake hutosha kuleta mate. Wahenga walilijua jambo hili waliponena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Pavlov aliongeza vipimo, na akaonyesha pia kwamba mlio ukirudiwa mara nyingi bila chakula kufuata, mate hupungua hata kukoma. Kufifia huko tutakurudia hapa chini, kwa maana kunatuhusu sana.

John B. Watson alitangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia iache kuzungumzia mambo ya ndani ya mtu na ishughulike na tabia inayoonekana tu. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner walieleza jaribio walilomfanyia mtoto wa miezi kumi na moja waliyemwita Albert. Kila mtoto alipomgusa panya mweupe, chuma kiligongwa kwa nyundo nyuma yake. Baada ya marudio machache alilia kwa kumwona panya tu, kisha akaogopa sungura, mbwa na hata koti la manyoya. Hofu hiyo hawakuiondoa. Jaribio la namna hiyo leo lisingeruhusiwa, na ndivyo ipasavyo. Lakini linatuachia fundisho zito, kwamba hofu haikai mahali ilipopandwa. Huenea hata kwa vitu visivyo na hatia.

Skinner (1904–1990) alifuata njia iliyofunguliwa na Edward Thorndike, ambaye mwaka 1898 alieleza jinsi paka waliofungiwa katika masanduku walivyojifunza kujifungulia. Tendo lililoleta matokeo mema lilirudiwa, na lile lisilofaa likaachwa. Skinner alikiita kiimarishi kitu chochote ambacho, kikilifuata tendo, hulifanya lirudiwe. Kwa njiwa ni punje, kwa mtoto ni sifa, kwa mfanyakazi ni mshahara. Katika masimulizi ya maisha yake alieleza kwamba alipokuwa mdogo bibi yake alimwonyesha makaa mekundu ndani ya jiko ili afahamu jehanamu ikoje. Tusilipuuze jambo hilo. Mtu ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1953, Science and Human Behavior, aliiweka dini katika orodha moja na serikali, uchumi na shule kama vyombo vya kutawala tabia za watu, alikuwa amefundishwa dini kwa makaa ya moto.

3. Hoja ya Kitabu na Ukweli Wake

Hoja ya kitabu cha 1971 yaweza kufupishwa hivi. Watu waliopigania uhuru katika historia walipigana na utawala wa maumivu, yaani mjeledi, gereza na vitisho. Hawakuuona utawala mwingine ulio laini zaidi, ule wa tuzo, kwa sababu anayetawaliwa nao hujiona yuko huru. Kuhusu hadhi, Skinner aeleza kwamba tunamsifu mtu kwa kadiri tusivyoziona sababu za tendo lake. Mtu akitoa sadaka watu wote wakimtazama, sifa yake ni ndogo. Akitoa gizani, sifa ni kubwa. Kwa hiyo, asema, sifa ni jina tunaloupa ujinga wetu juu ya sababu. Sayansi ikiendelea, sababu zote zitaonekana, na hapo sifa na lawama zitakwisha. Kinachotakiwa ni kuyapanga mazingira ili watu watende mema bila kuadhibiwa.

Katika hayo yako mambo ambayo Kanisa lingepaswa kuyapokea kwa unyenyekevu. La kwanza ni fundisho lake juu ya adhabu. Skinner alionyesha kwamba adhabu haiondoi tabia mbaya kama tunavyodhani. Huizuia kwa muda, na hapo hapo humfundisha aliyeadhibiwa kumkwepa mwadhibu. Mwanafunzi aliyechapwa kwa kutojua somo hajifunzi kulipenda somo. Hujifunza kujificha, kunakili, na kukaa viti vya nyuma.

La pili ni jaribio la mwaka 1948. Skinner aliwaweka njiwa wenye njaa katika vizimba ambamo chakula kilitokea kila baada ya muda maalumu, lolote walilofanya au wasilofanya. Wengi wao walianza kurudia mwendo fulani, mmoja akizunguka kizimbani, mwingine akiinua kichwa kuelekea pembe moja, kana kwamba mwendo huo ndio ulioleta punje. Skinner aliuita ushirikina. Uchunguzi wake wa baadaye ulionyesha tena kwamba tendo linalotuzwa mara chache, kwa nyakati zisizotabirika, hudumu kuliko linalotuzwa kila mara, kama tunavyoona kwa wacheza kamari. Mchungaji anayesikia siku hizi mahubiri ya kupanda mbegu ya fedha ili kuvuna muujiza hana budi kutafakari. Mmoja kati ya wengi hupona au hupata kazi, naye husimamishwa mbele ya watu atoe ushuhuda. Wengine huendelea kutoa wakingoja zamu yao. Hapo sala imegeuzwa kuwa mwendo wa njiwa, na Bwana amegeuzwa kuwa chombo cha kudondoshea punje. Katika jambo hili Skinner hakuukosea dini heshima. Aliyeikosea ni mhubiri.

4. Upungufu Wake

Hata hivyo mafundisho haya yamepungukiwa, na upungufu huo haukugunduliwa na wanatheolojia peke yao. Mwaka 1959 Noam Chomsky, mtaalamu wa lugha, alikihakiki kitabu cha Skinner juu ya usemi kilichotoka 1957. Alionyesha kwamba dhana ya kichocheo na mwitikio, iliyo na maana kamili katika kizimba cha panya, hupoteza maana yake ikihamishiwa katika maneno ya wanadamu. Mtoto husema sentensi ambazo hajapata kuzisikia wala kutuzwa kwa ajili yake. Nasi twaweza kuongeza: mtoto huomba sala ambazo hakukaririshwa na mtu.

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walieleza uchunguzi wao kwa watoto wa shule ya awali huko Stanford waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye nyota likichora. Kundi la pili halikuahidiwa kitu, ila baada ya kuchora lilipewa cheti kile kile bila kutazamia. Kundi la tatu halikupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, watoto walioahidiwa tuzo walitumia kwa kuchora karibu nusu tu ya muda uliotumiwa na wenzao. Wale waliopewa zawadi wasiyoitazamia hawakupungukiwa na hamu yao. Hatupendi kuligeuza jaribio la kalamu za rangi kuwa fundisho la neema. Lakini ni vema ijulikane kwamba hata katika mambo ya mtoto mdogo, ujira ulioahidiwa waweza kuliua pendo, ambapo zawadi isiyodaiwa haikuliua.

Tena kuna kasoro ndani ya hoja yenyewe. Skinner anaandika kitabu ili kutushawishi kwa sababu. Anataraji tupime, tukubali, tubadili mawazo. Lakini ikiwa hakuna nafsi ipimayo, kitabu chake ni kiimarishi kimoja kati ya vingi, nacho hakiwezi kuitwa kweli au uongo, ila chenye nguvu au kisicho na nguvu. Mwandishi ameukata mti akiwa amekaa tawini.

5. Skinner na Luther

Hapa tunafika kwenye swali lililo gumu zaidi kwetu. Je, mtu anayefuata fundisho la utashi uliofungwa ana lipi la kumjibu Skinner? Tunajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 18, linakiri kwamba utashi wa mwanadamu una uhuru kiasi katika kutenda haki ya kiraia na kuchagua mambo yaliyo chini ya akili. Ila pasipo Roho Mtakatifu hauna nguvu ya kuifikia haki ya Mungu. Uzoeshaji anaousema Skinner unakaa katika eneo hilo la kwanza. Ni kazi ya Sheria katika matumizi yake ya kwanza, ile inayozuia uovu, inayolinda amani na inayompa mtoto adabu. Kazi hiyo ni njema na Mungu huitumia. Kosa la Skinner ni kudhani kwamba lijamu ndiyo farasi mzima.

Pili, Luther aliposema utashi umefungwa hakumaanisha kwamba hakuna anayetaka. Alieleza wazi kwamba mtu hafanyi dhambi kwa kusukumwa kama mwizi anayeburutwa asikotaka. Huifanya kwa kupenda, wala hawezi kuyageuza mapenzi yake kwa nguvu zake mwenyewe. Utumwa wa namna hiyo ni utumwa wa mtu. Kwa Skinner hakuna mtu wa kufungwa, na kwa hiyo hakuna wa kufunguliwa. Warumi sura ya 7 ni kilio. Na mazingira hayalii.

Tatu, na hapa ndipo tofauti inapomgusa mchungaji kazini. Paulo naye, katika Warumi 3:27, anaufutilia mbali kujisifu. Kwa mtazamo wa haraka yeye na Skinner wanakubaliana. Lakini Paulo anapomvua mwanadamu sifa anamwelekeza kwa Mpaji anayeweza kushukuriwa, na anapomvua kisingizio anamwelekeza kwa Mwana anayesamehe. Skinner anaviondoa vyote viwili na kuviweka katika mazingira, ambayo hayawezi kupokea shukrani wala kutoa msamaha. Mtu akija ofisini kwa mchungaji usiku, akasema amemwibia ndugu yake, naye akajibiwa kwamba malezi yake ndiyo yaliyoiba, hajafarijiwa. Amenyang'anywa kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, yaani kuitwa kwa jina lake na kusamehewa.

6. Darasa la Kipaimara

Tugeukie sasa nyumba yetu wenyewe. Luther aliandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saxony kumwonyesha ujinga mkubwa wa watu na wa wachungaji wao. Katika dibaji aliagiza njia ambayo mwalimu yeyote wa saikolojia ya kujifunza angeitambua: maneno yawe yale yale siku zote, yasibadilishwe, yakaririwe kwanza neno kwa neno, ndipo maana ifuate. Aliagiza pia kwamba wasiotaka kujifunza wasikubaliwe kwenye Meza ya Bwana, na wazazi wawanyime chakula na kinywaji. Hapo kizimba kimekamilika. Lakini katika dibaji hiyo hiyo aliandika kwamba mtu yeyote asilazimishwe kuamini, na kwamba kwa habari ya Sakramenti tuhubiri hata watu waje wenyewe na kutusukuma sisi tuwape.

Mvutano huo ndani ya Luther tusiufiche, kwa maana yeye aliujua kwa mwili wake. Alisimulia kwamba shuleni alichapwa mara kumi na tano katika asubuhi moja kwa kutojua somo ambalo hakuwa amefundishwa. Alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 juu ya shule, alizilaumu shule za zamani zilizowatesa watoto kwa viboko bila kuwafundisha kitu, akataka watoto wajifunze kwa furaha na michezo. Na katika mazungumzo ya mezani alisema tofaa liwekwe kando ya fimbo.

Je, sisi tumeliweka tofaa? Katika madarasa mengi fimbo imelala juu ya meza pamoja na Katekisimo. Mtoto asiyejua maelezo ya Amri ya Nne husimamishwa, huchekwa, huchapwa. Kwa miaka miwili jina la Mungu linatangulia, na maumivu au aibu inafuata. Kama ni kweli yaliyompata Albert, na hatuoni sababu ya kuyakana, basi tunajua tunachokifanya. Tunalifanya jina lililo juu ya kila jina kuwa unyasi wa kumshtua aliyeumwa.

Kisha inakuja siku ya mtihani mbele ya usharika, nguo nyeupe, zawadi, nyama na wali. Hicho ndicho kiimarishi kikubwa, nacho hutolewa mara moja tu. Jumapili inayofuata hakuna fimbo wala sherehe. Tunashangaa mbona vijana wametoweka, na tunaulaumu ulimwengu. Pavlov asingeshangaa. Kengele imelia na chakula hakikuja, kilichozoezwa kimefifia. Tulijenga tabia juu ya hofu na tuzo, tukaiita imani, na vilipoondolewa vyote viwili tuliona kilichokuwapo.

Hata hivyo tusiharakishe kuyatupa mazoezi ya kukariri, kama wanavyoshauri baadhi ya wenzetu. Kila mchungaji aliyekaa kando ya kitanda cha mzee anayekaribia kufa amepata kuliona jambo hili: mgonjwa amesahau majina ya wajukuu, lakini ukianza Sala ya Bwana midomo yake inakufuata, na wakati mwingine machozi pia. Maneno hayo aliyapata akiwa mtoto, huenda chini ya fimbo. Skinner angesema ni mazoea tu, na kwa habari ya midomo asingekosea sana. Lakini neno lililowekwa kinywani kwa mazoea lilimngoja huyo mzee miaka sitini, hata siku alipolihitaji, na siku hiyo lilikuwa ahadi. Mazoea yalilihifadhi neno. Hayakulifanya kuwa kweli. Mkulima hutengeneza matuta, naye asipoyatengeneza maji hupita bure; lakini hakuna mkulima aliyeleta mvua kwa jembe.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne. Fimbo iondolewe kabisa katika darasa la kipaimara, nayo aibu ya kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake iondoke pamoja nayo. Kukariri kuendelee, kidogo kidogo na mara kwa mara, mwalimu akikariri pamoja na watoto na si kuwasikiliza tu. Watoto waonyeshwe watu wazima wanaosali, kwa kuwa mwana hutazama kisogo cha nina, na kwa kuwa majaribio ya Albert Bandura yaliyochapishwa mwaka 1961 yalithibitisha kwamba mtoto huiga alionalo kwa mkubwa bila kutuzwa wala kuadhibiwa. Mwisho, siku ya kipaimara isiwe siku ya kufunga mafundisho. Vijana wapewe kazi na nafasi katika usharika tangu Jumapili inayofuata, katika kwaya, katika kuwatembelea wagonjwa, katika kusoma masomo madhabahuni.

7. Hitimisho

Skinner alikosea alipodhani kwamba mazoea ndiyo mtu mzima. Sisi tumekosea kosa linalofanana nalo, nalo ni baya zaidi kwa kuwa tumelifanya kwa jina la Bwana: tumedhani kwamba mazoea ndiyo imani nzima. Kifungu cha 5 cha Ungamo la Augsburg kinatukumbusha kwamba Roho Mtakatifu huileta imani kwa njia ya Neno na Sakramenti, mahali na wakati umpendezao Mungu. Mwalimu wa kipaimara hapangi wakati huo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtoto, siku atakapoitwa, awe anaifahamu sauti inayomwita, na asiwe amefundishwa na sisi kuikimbia.